Mstari Usio na Kazi

Mwalimu alikuwa hatulii mpaka umrudishie maneno yake. Akikutuma mjini Machakos ukamnunulie waya wa kulehemu, hukuondoka mlangoni kabla ya kutaja unene wake, urefu wake na duka lenyewe. Ukifika dukani ulimpigia simu kusema umefika, kana kwamba duka lingeweza kuhama. Kwenye kibanda cha chai karibu na chuo alikuwa akiagiza hivi: "Chai moja, sukari kando, mandazi mbili. Rudia." Mama mwenye kibanda, mtu asiyeogopa mteja, alimwambia siku moja, "Mzee, kwani mimi ni kasuku? Mandazi mbili hata mtoto anajua." Mwalimu akamtazama tu. Mama akapangusa meza, akazunguka, akarudi, akamkuta bado anamtazama, akarudia. Mwalimu akamshukuru kwa upole, na upole huo ulituudhi kuliko kama angegombana naye.

Alitufundisha elektroniki na programu za mashine katika chuo cha ufundi. Ukoo wake sitauandika, kwa sababu mwenyewe hakuutaja; alisema tu kwao ni Mwala, na kwamba mtu wa Mwala haulizwi anatoka kwa nani bali anapata maji wapi. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umeshika vilima vya Iveti, aliingia darasani na sweta ya kijani iliyotiwa viraka vya ngozi viwikoni, na chaki ndani ya mfuko wa shati. Shati zake zote zilikuwa na vumbi jeupe upande wa moyo. Sisi wanafunzi tulimcheka kwa hilo, nami nilikuwa wa kwanza kucheka.

Hakusifu mtu. Ukimletea kazi nzuri aliisoma mpaka mwisho, akasema "Sawa," akakurudishia. Lakini alikuwa na kopo la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, alilokuja nalo kila siku, na kila siku lilimshinda katikati. "Kanini, maliza hii, mimi nimeshiba," aliniambia, na aliwaambia wengine hivyo hivyo kwa zamu. Ilinichukua muhula mzima kugundua kwamba waliokuwa wakipewa kopo ni wale tu waliokuja bila kunywa chai nyumbani. Sijui alijuaje, maana hatukuwa tunasema.

Kanisani pia aliwaaibisha watu wake. Jumapili moja kiongozi wa jumuiya alitangaza siku ya mkutano, watu wakaitikia, na kiongozi akawa anashuka. Mwalimu akasimama nyuma kabisa, akamwomba mtu yeyote arudie siku ni gani. Waumini waliguna. Mama mmoja akasema Jumatano, mwingine Alhamisi, na kiongozi mwenyewe alikuwa amesema Ijumaa. Mwalimu akaketi, na mke wake akajifunika uso kwa leso.

Somo lake kubwa lilikuwa la mbuzi. Alilitoa kila mwaka, na hata waliolisikia mwaka uliopita waliingia kulisikia tena.

Alipotaka kuoa, kwao walipeleka ntheo, wale mbuzi watatu ambao kwetu Wakamba, bila wao, binti hajaposwa hata mkishinda mnakula pamoja. Mbuzi walitangulia mapema kwa miguu, wakiswagwa na binamu yake kupitia mto mkavu. Wazee wakaondoka saa nne kwa pikapu. Walijua mbuzi walitoka kwanza, kwa hiyo walipofika na kukaribishwa viti walisema bila wasiwasi, "Mbuzi wako nje." Baba wa msichana akawaita ndugu zake, wakatoka wote kwenda kuwaona. Nje kulikuwa na kuku. Mbuzi mmoja alikuwa amegoma kwenye mchanga wa mto, na wenzake wakagoma pamoja naye. Wazee wakaambiwa warudi nyumbani, waje siku watakayojua walicholeta.

"Sasa," Mwalimu alisema, akichora ubaoni kisanduku kimoja cha prosesa, ubongo wa kompyuta, na kingine cha mashine, "prosesa ni kama hao wazee wetu. Iko na haraka. Inaandikia kifaa amri, inaona imemaliza, inaenda kwa kazi ingine. Kumbe hiyo amri bado iko njiani, imekaa kwa foleni. Ile ya pili imepitia njia ingine imefika mbele. Utajuaje mbuzi wamefika?"

"Unatuma mtu awaone!" tuliitikia kwa pamoja.

"Na huyo mtu anarudi saa ngapi?"

"Akishawagusa!"

Darasa lilicheka sana. Kisha alieleza kwa sauti yake ya kawaida kwamba ndani ya draiva, ile programu inayopeleka amri za kompyuta kwenye mashine, mtu huyo ni mstari mmoja tu. Baada ya kuandika amri, unasoma kitu chochote kutoka kwa mashine yenyewe. Jibu haliwezi kurudi kabla amri iliyotangulia haijafika. Unachokisoma huna haja nacho, waweza kukitupa. Haja yako ni kule kurudi. Niliandika yote hayo katika daftari langu, na mbuzi nikamchora mwenye pembe.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyemtaka kila binadamu arudie maneno hakuandika maelezo hata kidogo katika programu zake. Sisi tulifundishwa na walimu wengine kuacha neno pembeni ya mstari, kumwambia ajaye mstari huo uko pale kwa nini. Yeye alikataa. "Atakayesoma akishangaa, ataniuliza," alisema. Nilimwambia siku moja kwamba huenda asiwepo wa kuulizwa. Akanijibu, "Nitaenda wapi?" Lilikuwa kosa lake, na nilimwambia ni kosa, na sina furaha kwamba nilisema kweli.

Nilipokaribia kumaliza chuo alinitafutia nafasi ya mazoezi katika karakana ndogo ya ngozi upande wa Kinanie. Walitengeneza ndara na mikanda. Mwalimu alikuwa amewaundia mashine ya kukata ngozi kutoka kwa mashine kuukuu: sahani nzito ya chuma yenye visu, iliyopanda na kushuka yenyewe, ikiendeshwa na kompyuta ndogo na kadi ya mota. Draiva aliiandika yeye. Alikuwa pia ameomba kuwe na kifuniko kinachokata umeme kikifunguliwa, na mwenye karakana alisema kitakuja.

Aliyeitumia mashine hiyo ni Mwikali. Alinizidi miaka michache, alikuwa na ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi. Aliweka ngozi, mashine ikakata, akakanyaga pedali ya kusimamisha, taa ya kijani ikawaka, akaingiza mkono akatoa kipande. Siku nzima ilikuwa hivyo. Alikuwa akiimba nyimbo za kwaya kwa mwendo wa mashine, na alidai mashine ndiyo inayomfuata yeye.

Mwikali alipokanyaga pedali, prosesa iliiandikia kadi ya mota amri ya kusimama, kisha ikawasha taa kwa njia nyingine ya haraka. Katikati ya hayo mawili Mwalimu aliweka mstari mmoja unaosoma hali ya kadi. Kilichosomwa hakikutumiwa popote. Pembeni hakukuwa na neno.

Mimi nilipewa kazi ya kuongeza sehemu ya kuhesabu vipande. Mwalimu alikuwa chuoni akisimamia mitihani wiki hiyo. Nilimaliza vizuri, ila kila nilipojenga programu, yaani kuigeuza iwe lugha ya mashine, kompyuta ilinionya kwamba kuna thamani inayosomwa na haitumiki. Onyo moja tu. Nilitaka kazi yangu itoke safi, mwenye karakana aone, na Mwalimu akija aseme zaidi ya "Sawa". Nikauangalia ule mstari. Haukufanana na mbuzi. Nikaufuta, onyo likaondoka, nikafurahi. Naona aibu kuandika neno hilo lakini ndilo la kweli, nilifurahi.

Nilijaribu mashine siku mbili na ilifanya kazi. Wiki tatu ilifanya kazi. Leo najua kwa nini. Mwikali alifanya haraka, na kila amri ya kusimama ilifuatwa karibu na amri nyingine, nayo ikaisukuma ile ya kwanza itoke kwenye foleni. Lakini Jumanne moja alikata kipande cha mwisho kabla ya chai ya saa nne. Alikanyaga pedali sahani ikiwa juu. Hakukuwa na amri nyingine nyuma yake. Amri ya kusimama ikabaki njiani, taa ya kijani ikawaka, Mwikali akaingiza mkono, na sahani ikashuka mara moja zaidi.

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake na kikombe mkononi. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Hakupiga kelele mwanzoni. Alisema, "Lakini ilikuwa kijani," akatutazama mmoja mmoja kama anayetaka tukubali. Kisha akapiga kelele.

Mwalimu alifika mchana, Mwikali akiwa ameshapelekwa hospitali. Chaki ilikuwa bado mfukoni. Hakuenda kwenye mashine, alikwenda kwenye kompyuta. Alisoma kwa muda mrefu, na mahali fulani kidole chake kikasimama kwenye kioo. Wafanyakazi wote walikuwa wamejikusanya nyuma yetu, pamoja na mwenye karakana.

"Kanini," akaniambia bila kugeuka, "kuna kitu uligusa hapa?"

"Hapana, Mwalimu. Niliongeza ya kuhesabu tu."

"Rudia."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara elfu, na nilijua maana yake. Alikuwa ananipa nafasi ya pili. Nikarudia, "Hapana. Sijagusa kitu ingine."

 Kisha kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akauandika upya ule mstari mahali pake. Mimi nilikuwa pembeni yake na niliona. Aliona kwamba nimeona. Akafunga kompyuta, akasimama, akamwambia mwenye karakana, "Kosa ni yangu. Draiva ni mimi niliandika. Msitafute mtu mwingine."

Asi! Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufungua mdomo hapo. Nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa zangu: cheti changu, mama aliyekuwa akinisubiri nyumbani, woga. Mwikali hakuwemo katika hata moja.

Habari ilienea mjini haraka. Chuo hakikumwita tena muhula uliofuata. Waliokuwa wakimletea mashine zao walipitia barabara nyingine. Mama wa kibanda cha chai aliniambia kwamba Mwalimu siku hizi haagizi kwa maneno, anaonyesha kwa kidole, na kwamba siku hizi mama ndiye anayerudia ili kumchokoza, naye Mwalimu hacheki. Mwishowe akarudi Mwala. Huko kwake kulikuwa karibu na kwa kina Mwikali, na nilisikia kwamba kila wiki alikwenda kwao, akamchotea maji, akaketi naye na daftari la mistari miwili kumfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Watu walisema anatubu. Mimi nilisikia hivyo nikiwa nimeshapata kazi nzuri Konza, katika ofisi yenye vioo, ambako nasoma programu za wengine na kutafuta makosa yao.

Nilikaa hivyo miaka. Nilimpigia simu wakati wa Pasaka na Krismasi, tukasalimiana, tukaulizana mvua. Hakunitajia kitu. Nikajifanya kuona kwamba limeisha.

Mwaka huu kijana mmoja wa ofisini aliniletea kazi akaniuliza, "Madam, hii line inasoma halafu inatupa. Haina kazi. Niitoe?" Nilimwambia aiache. Aliuliza kwa nini, nikaenda nikajifungia chooni kama mtoto. Jumamosi hiyo nilikwenda Mwala.

Nilimkuta Mwikali uani, ameketi juu ya gunia anabangua mbaazi. Sufuria alikuwa ameishikilia kwa magoti. Mkono wa kushoto ulifungua maganda, na kidole gumba cha kulia kikasukuma punje. Alifanya haraka karibu kama zamani. Hakuwa akiimba. Alinipa mkono wa kushoto.

"Kanini! Umepotea. Huko Konza wanawalisha nini, mmenona hivi?"

"Niko, dada Mwikali. Na wewe hapa kwa Mwalimu?"

"Si nilimzoea. Kwanza ni yeye alikuwa anakuja kwetu. Sasa macho imemwacha, ni mimi nakuja. Namletea mbaazi." Akashusha sauti. "Mimi nilimsamehea huyo mzee kitambo. Nilimwambia mwenyewe. Lakini nikimwambia analia, sasa nimeacha. Ingia, atakusumbua."

Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, mlango ukiwa wazi. Presha ya macho ilikuwa imekula kuona kwake kote, jicho moja baada ya jingine. Sweta ilikuwa ile ile.

"Ni nani?"

"Ni Kanini, Mwalimu."

"Rudia."

"Kanini."

Akaitikia kwa kichwa. Hatukuulizana mvua. Akaniambia nichukue bati la biskuti juu ya kabati, na ndani yake nikakuta karatasi zilizokunjwa, programu ya mashine ile, zimechapwa zamani na wino umefifia. Akasema nimsomee. Nikasoma mstari baada ya mstari, naye alikuwa akisogeza midomo kwa sababu aliijua yote kwa moyo. Nilipofika pale akainua mkono.

"Hapo. Hiyo mstari ni ya nini?"

"Ni ya kungoja amri ifike kwa mashine kabla taa iwake."

"Imeandikwa hivyo hapo kando?"

"Haijaandikwa, Mwalimu."

"Hiyo ni kosa yangu. Nilisema yangu na ilikuwa yangu, sikudanganya mtu. Lakini haikuwa yote." Akageuza uso kuelekea uani, mahali punje za mbaazi zilikuwa zikilia kwenye sufuria. "Huyu ananiletea chakula kila wiki. Amenisamehea mpaka ile si yangu. Nikikula nasikia aibu, Kanini. Ile ingine nitapelekea nani? Uko na kalamu?"

Nilikuwa nayo. Akaniambia niandike pembeni ya mstari ule, kile ambacho mtu anayekuja anapaswa kujua. Niliandika juu ya goti langu, kwa hati mbaya. Nilipomaliza akasema, "Nisomee."

Nikaanza kwa sauti ya chini.

"Kwa sauti. Mimi nimezeeka."

Macho ndiyo yaliyokuwa yamezeeka. Masikio yake yalikuwa yamenisikia tangu nilipogusa geti la miba.

"Mwalimu," nikasema, "Mwikali yuko hapo nje tu."

"Najua mahali ako."

 Hakunishika mkono wala kunitia moyo. Alikaa akisubiri, kama alivyomsubiri mama wa chai, na nikajua atasubiri hivyo hivyo hata nikiondoka. Nikasimama, nikaelekea mlangoni na karatasi, nikasoma.

"Usifute mstari huu. Unangoja mashine isimame kweli kabla ya taa ya kijani kuwaka. Niliufuta mimi, Kanini, kwa sababu nilitaka kazi yangu ionekane safi. Nilipoulizwa nikasema sijagusa kitu."

Punje ziliacha kulia kwenye sufuria. Mwikali hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika ganda moja ambalo hajalifungua.  Nilitaka mmoja wao anitukane.

Kisha Mwikali akaweka sufuria chini, akafuta mkono wake wa kulia kwenye leso, akanitazama usoni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, kuanzia mwanzo.